Niliua waridi la mama mkwe kwa mashudu ya alizeti, na mke wangu akabeba lawama

Habari zenu wakuu, wa mjini na wa mashambani.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Jana nimeona dada mmoja kaweka picha ya waridi lake lililo kwenye ndoo. Majani yameungua pembeni, vitumba vimedondoka, anauliza shida ni nini. Wachangiaji karibu wote wakamwambia ni chumvi ya maji.

Nilivyoiona ile picha nikaweka simu chini kwanza. Kwangu iliwahi kutokea hivyo hivyo, na kwangu pia ilisemekana ni chumvi. Haikuwa chumvi.

Nitaeleza ilivyokuwa bila kupamba. Pale nilipofanya upuuzi nitasema nilifanya upuuzi. Ni mrefu kidogo, mwenye chai amimine.

Tulikuwa Singida mjini, kipindi kile biashara zinafunguliwa. Wa rika langu mnakumbuka. Maduka ambayo jana yalikuwa na chumvi na viberiti tu, ghafla yamejaa ndoo za plastiki za kila rangi, redio, vitenge, mpaka maua ya bandia. Wakati huo huo mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika mojawapo, jina naliacha. Tuliishi nyumba ya shirika, uwanja mpana, bomba nje. Karibu na bomba ndipo mke wangu, mama Zuhura, alipokuwa na waridi lake.

Hilo waridi lina historia. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa bara na ndoa. Mumewe alikuwa mfanyabiashara, wakakaa Kondoa, wakaishia Singida. Katika vitu alivyokuja navyo kilikuwemo kijiti cha waridi kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi. Jekundu lililoiva, si kubwa, ila harufu yake ukipita barabarani unageuka. Binti zake wote waliolewa na maua ya waridi lile kichwani. Alipofariki, lililobaki lilikuwa moja tu, lile la kwetu pale bombani.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililokuja kutuokoa. Bi Mwanahawa alikuwa na imani yake kwamba ua likiombwa halishiki. Ukitaka tawi la mtu, unakata kimya kimya akiwa hayupo, usimwambie, unaenda kulipanda. Ukiomba ukapewa, litakauka.

Mke wangu aliishika imani hiyo kuliko mafundisho mengine yote ya mama yake. Basi kila mwanamke aliyekuja kuomba tawi aliambiwa, "Siwezi kukupa, dada." Hakueleza kwa nini, kwa sababu akieleza ni sawa na kumtuma akaibe. Mtaa mzima ukamwona mchoyo. Aliumia, lakini alinyamaza.

Ikaja siku tukaitwa ofisini, tukasomewa majina ya wanaopunguzwa kazi. La kwangu lilikuwemo. Baada ya muda ikaja barua ya pili kuwa nyumba nazo zinauzwa, na mwenye kununua anataka uwanja wetu kwa ajili ya kuegesha malori yake.

Tukapata vyumba viwili upande wa kwenda ziwa Kindai. Nyumba nzuri tu, ila uwanja wote umesakafiwa kwa saruji. Hakuna hata sehemu ya kuchomeka mche wa kitunguu.

Mke wangu alisimama pale mlangoni, akaangalia ile saruji, akasema, "Sawa. Vitakaa kwenye vyombo."

Na kweli vikakaa. Wakuu, haya mambo ya bustani ya vyombo mnayoyaona mtandaoni leo, mama Zuhura aliyafanya zamani bila kufundishwa na mtu. Ndoo zilizopasuka, madebe, madumu yaliyokatwa kichwa, mpaka beseni. Vyote alivitoboa chini kwa msumari wa moto, akaweka kokoto kidogo, juu udongo wa shamba na mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza ikawa nyeusi. Mchicha, sukuma wiki, nyanya, pilipili. Tulikula kutoka kwenye ile saruji.

Kwenye masufuria yaliyotoboka alipanda mshubiri na vile vimmea vyenye majani manene kama vidole, akavipanga ukutani kwenye jua kali. Hivyo havitaki mahaba. Maji mara moja moja tu, basi.

(Naona kuna mkuu kauliza vipimo. Yeye alikuwa anapima kwa karai: udongo mawili, mchanga moja, samadi moja. Samadi iwe imeoza kabisa, ukiishika isikupe joto wala harufu. Kumbukeni hilo neno joto.)

Waridi lilikuwa kazi nyingine. Tulilihamisha kipindi cha baridi. Alilikata matawi yakabaki mafupi, tukachimba mbali na shina, tukalinyanyua na udongo wake kwenye gunia, tukalisukuma kwa mkokoteni kuvuka mji. Watu wanatuangalia. Watu wengine wanahama na makabati, sisi tunahama na mti. Tukaliweka kwenye pipa lililokatwa nusu.

Wiki kadhaa lilikaa kama kuni. Kisha likatoa jicho, likatoa jani.

Siku ile mke wangu aliniita kwa jina langu, kitu ambacho alikuwa hakifanyi tangu tupate mtoto. Nilijua ana furaha.

Na alikuwa na sababu. Binti yetu wa kwanza, Zuhura, alikuwa ameshaposwa, na ndoa imepangwa Mfunguo Mosi, yaani mara baada ya Ramadhani. Mwaka ule Ramadhani iliangukia kipindi cha mvua. Mama yake alishamwahidi kuwa ataolewa na maua ya bibi yake kichwani. Hesabu ya mke wangu ilikuwa ni kwamba mvua zikianza, waridi litachanua kwa wakati.

Sasa naingia mimi.

Mwanaume aliyepunguzwa kazi, wakuu, anakuwa mgeni nyumbani kwake. Mboga za mke, udongo wa mke, hata ndoo ni za mke. Nilikuwa napita katikati ya zile ndoo nikijisikia kama mpangaji. Hakuna aliyenisema. Nilijisema mwenyewe.

Nilipata kibarua kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mtu binafsi. Zilikuwa zimeanza kuota kila kona mjini. Kazi yangu ilikuwa kupokea magunia ya wakulima na kupanga mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Wafugaji wanayagombania. Ng'ombe akila mashudu mwezi mmoja, mbavu huzioni tena.

Mimi nikawaza kwa akili yangu ya stoo: kama ng'ombe ananenepa, waridi lishindwe kwa nini?

Nikabeba mfuko. Mabichi kabisa, yametoka mashineni, bado ya moto na yananukia karanga. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nikafukua udongo kuzunguka shina la waridi, nikashindilia mashudu makopo mawili ya kilo, nikafukia, nikamwagia maji. Nikasawazisha juu asijue.

Nilitaka siku maua yakijaa, niseme kwa utulivu tu, "Mimi nilisaidia kidogo."

Ndugu zangu, mashudu mabichi yakipata maji yanachacha, na yakichacha yanatoa joto. Wenye mifugo wanajua, gunia likinyeshewa huwezi kuingiza mkono katikati. Kwenye shamba kubwa, ukiyaacha yaoze kwanza, ni mbolea nzuri. Kwenye pipa dogo unakuwa umeiwashia mizizi jiko.

Haikupita wiki majani yakaanza kuwa ya njano. Kisha pembeni yakaungua. Vitumba vinne vilivyokuwa vimetoka vikadondoka kimoja kimoja. Sisimizi wakajaa, na kwa mbali kukawa na harufu kama ya togwa iliyolala.

Mke wangu akasema, "Ni maji. Bomba lilikatika siku zile, nililimwagilia maji ya kisima. Yana chumvi. Ni mimi."

Wakuu, hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Sentensi moja tu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda navaa viatu. Nikaendelea kufunga kamba.

Kuanzia siku ile akawa anabeba ndoo kutoka bomba la msikitini, mwendo mzuri tu, kwa sababu maji yale ni matamu. Kila siku ndoo mbili, moja ya ndani na moja ya waridi. Ramadhani ikaingia, mvua zikisuasua, akafunga, na bado anabeba. Na kadiri anavyolimwagilia ndivyo mashudu yanavyozidi kuchacha kule chini. Alikuwa analiua kwa maji aliyoyabeba kichwani kwa ajili ya kuliponya, na mimi naangalia.

Kwa nini sikusema? Aibu. Mwanzoni niliona aibu ya kosa, baadaye ikawa aibu ya kuchelewa, na hiyo ya pili ni mbaya zaidi, maana inaongezeka kila siku.

Lilikufa lote. Aliling'oa mwenyewe. Mizizi ilikuwa myeusi, inakatika kama uzi mbovu. Akakaa chini kwenye saruji, akaliweka mapajani, akasema, "Nimeua waridi la mama."

Zuhura akajaribu kumtuliza. Akamwambia, "Mama, dukani kuna maua ya plastiki mazuri tu, yanafanana kabisa, hata harufu wanapulizia." Wasichana wa wakati ule waliyapenda kweli, yalikuwa ndiyo fasheni. Akanunua shada. Mama yake akalipokea, akaliangalia, akaliweka juu ya kabati na hakuligusa tena.

Kitu kimoja kilikuwa kinaniuma kila nikitoka asubuhi. Yale masufuria ya mshubiri ukutani, ambayo wala sikuwahi kuyaona kama mimea, yalikuwa yamestawi. Mimea niliyoisahau ndiyo iliyopona.

Ikabaki kama wiki mbili hivi Ramadhani iishe. Alasiri moja, mke wangu anachambua mchele, mimi nimerudi kibaruani, hodi ikabishwa mlangoni. Ni mama Elia.

Mama Elia alikuwa jirani yetu kule nyumba za shirika. Mnyiramba, Mkristo, mtu wa maneno machache. Mumewe alipunguzwa siku moja na mimi, wakarudi kwao Iguguno kulima. Tulikuwa tumewapelekea mwaliko wa harusi kupitia kwa kondakta wa basi.

Amekuja na jogoo kwapani, na mkononi ndoo ya bluu iliyofunikwa kanga. Wakasalimiana pale, habari za safari, habari za watoto, habari za mvua. Mke wangu akanyoosha mkono apokee ndoo. Mama Elia akairudisha nyuma.

"Ngoja kwanza, mama Zuhura. Kabla hujapokea nisikilize. Mimi ni mwizi wako."

Mke wangu akadhani ni utani.

"Unakumbuka ulivyoenda msibani Kondoa ukaniachia funguo? Nilikuwa nimekuomba tawi la ua lako mara mbili, ukaninyima. Nikasema huyu mwanamke ana roho gani. Basi nikalikata. Nikaenda nalo, nikalipanda, likashika. Tulivyohama nikahama nalo. Kila nikiliangalia naona uso wako. Kondakta aliyeleta mwaliko kaniambia la kwako limekufa. Nimekuja kurudisha, na unisamehe."

Akafunua kanga.

Waridi. Limenenepa, majani yanang'aa, vitumba saba. Nilivihesabu. Halina mashudu wala nini, ni samadi ya mbuzi na maji ya mvua ya Iguguno.

Mke wangu aliinama, akagusa kitumba kimoja. Kisha akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tuhame. Akacheka mpaka machozi, akamshika mama Elia mabega.

"Mwenzangu, ungejua nilivyokuwa nakuombea uibe. Mama alisema ua likiombwa halishiki. Nilikuwa nasubiri tu mtu aniibie. Mtaa mzima hakuna aliyethubutu, nikaitwa mchoyo bure."

Mama Elia akabaki ameduwaa. Miaka yote amebeba dhambi, kumbe alikuwa amefuata utaratibu.

Sasa mimi nipo pale pembeni. Mwanamke kapanda lori kutoka Iguguno na ndoo mapajani, kaja kusema kosa lake mbele ya mtu anayedhani atamtukana. Na mimi ninayelala kitanda kimoja na niliyemkosea, nimenyamaza.

Nikasema. Sikupanga maneno, nilisema tu kwamba haikuwa chumvi, ni mimi, niliweka mashudu mabichi kwenye pipa, nikaficha.

Kicheko kikaisha.

Mke wangu alimkaribisha mgeni ndani, akamalizia mchele wake, akapika, magharibi akafuturu nasi. Aliongea na kila mtu isipokuwa mimi. Tulipomaliza, anakusanya vyombo, akasema bila kuniangalia:

"Sasa yale maji nilikuwa nabeba ya nini?"

Angenitukana ingekuwa afadhali.

Kesho yake asubuhi nilichukua ndoo, nikaenda bomba la msikitini. Wanaume wawili watatu waliniona nimebeba ndoo kichwani wakanitania sana. Nikawaacha watanie. Nilibeba mpaka siku ya harusi, na baada ya harusi niliendelea.

Siku ya harusi maua matano yalikuwa yamefunguka, mawili bado vitumba. Somo wa Zuhura, mama aliyemfunda, akayachanganya na majani ya rehani, akamsukia binti kichwani na kumbandika kikuba, kishada cha kunukia, kifuani. Shada la plastiki lilibaki kabatini. Zuhura mwenyewe, aliyekuwa anayasifia ya dukani, aliinamisha kichwa akanusa kikuba chake, akasema, "Kumbe ndivyo bibi alivyokuwa ananukia." Watu wazima wakaanza kulia mle ndani.

Mama Zuhura alikuwa ameficha ua moja, lililokuwa kubwa kuliko yote. Akalipeleka kwa mama Elia, akamchomeka kwenye kilemba mbele ya wote. Na wale waliokuwa wakimwita mchoyo walikuwemo.

Mimi nikamfuata kwa matumaini. Akaingia ndani, akatoka na ua moja la plastiki, akanichomeka mfukoni mwa koti.

"Hili huwezi kuliua," akasema.

Nilivaa siku nzima. Nilistahili, na nilifurahi pia, maana ndiyo mara ya kwanza alikuwa amenitania tangu siku ile.

Sasa mafunzo, kwa mlionivumilia.

Dada mwenye picha, usikimbilie kulaumu maji. Fukua pembeni kidogo, ingiza kidole, nusa. Ukikuta joto au harufu ya uchachu, ni mbolea mbichi. Toa udongo wote, osha mizizi, kata iliyooza, panda upya. Kama ni mapema litapona. Langu lingepona kama ningesema siku ile ya viatu.

Na muulize pia mwenzako wa nyumbani kama kuna kitu alisaidia. Muulize kwa upole, anaweza kuwa anafunga kamba za viatu.

Waridi la ndoo ya bluu bado lipo. Tulipata kiwanja chetu, likashushwa ardhini, ndoo ikapandwa pilipili. Mama Elia alitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mke wangu yupo, na maji bado nabeba mimi, ingawa sasa bomba ni hatua kumi.

Wiki iliyopita binti wa Zuhura alikuwa hapa likizo, naye anakaribia kuolewa. Amekaa siku tano, akamsifia bibi yake kila kitu isipokuwa waridi. Hakuligusia hata kidogo. Asubuhi alipoondoka nikaenda kumwagilia, nikakuta tawi moja limekatwa mshazari, safi, jipya.

Mama Zuhura akaja nyuma yangu, akaliona, akaniuliza, "Nani kakata hapa?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Safari hii umefanya vizuri kunyamaza," akanipokea ndoo, akamalizia kumwagilia mwenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye uzoefu wa mashudu, wa waridi kwenye vyombo, au wa maji yetu ya Singida, aseme. Na kama kuna aliyewahi kuiba tawi la mtu, ajitokeze tu. Hapa hatumshitaki.